Chati Ukutani: Jicho la Mtoto Lianzie Wapi?

Katika shule za Kisii na Nyamira, ukuta wa darasa la watoto wadogo hubeba chati za silabi, tarakimu na sehemu za mwili. Nyingine huchorwa kwenye manila, nyingine kwenye gunia la nailoni lililopasuliwa, kwani halichaniki upesi.

Tatizo huanza pale maneno yote yanapoandikwa kwa ukubwa uleule, na rangi nne zikagombania jicho la mtoto.

Chukua somo la majani chai, zao linalofahamika vyema kuanzia Kebirigo hadi Nyansiongo. Hatua zake ni kuchuma, kunyausha, kukatakata, kuchachusha na kukausha. Kichwa, "Safari ya Chai", kikae juu, kikubwa kuliko vyote. Majina ya hatua yafuate kwa herufi za wastani, yakiwa na namba 1 hadi 5 na mishale. Maelezo yawe madogo, chini ya kila mchoro, na nafasi tupu itenge hatua moja na nyingine.

Rangi ya kukazia itoshe moja. Nyekundu na kijani zisitegemewe kutenganisha mambo, maana wapo watoto, hasa wavulana, wasioweza kuzitofautisha.

Na ukubwa je? Kwa umbali wa mita 6, jicho zima hufikia kikomo kwenye herufi ya karibu milimita 9. Kwa hiyo hata maelezo madogo yakaribie sentimita 2.

Mwalimu, kabla ya kubandika chati, simama nyuma ya dawati la mwisho uisome.