Wema Bila Ukweli Haufiki Mbali
(Hotuba kwa vikundi vya akina mama na wakulima, Kapkatet)



Nimeombwa niseme machache juu ya methali zinazotufundisha wema, ukweli na huruma. Methali ni nyingi, nami nimechagua tatu tu. Sote tunazijua tangu shule ya msingi, na labda ndiyo sababu hatuzisikilizi tena.

Ya kwanza: Tenda wema nenda zako. Wengine huielewa vibaya. Wanadhani ukishatoa kilo mbili za unga umemaliza kazi, hata usiulize kama watoto walikula kesho yake. Methali inatukataza kungojea shukrani, haitukatazi kurudi. Yule Msamaria Mwema hakufunga vidonda tu. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni pesa, akaahidi kupita tena na kulipa itakayozidi.

Wazee wa Kipsigis nao walikuwa na desturi ya kimanagan. Mwenye ng'ombe wengi alimpa mwenzake ng'ombe wa kutunza. Watoto wa aliyepewa walipata maziwa, lakini ng'ombe alibaki mali ya mwenyewe. Mwenyewe naye alifaidika, kwa maana ugonjwa ukiingia boma moja, hakupoteza mifugo yote. Kwa hiyo aliyesaidiwa hakuonekana mwombaji. Alikuwa rafiki aliyeaminiwa.

Lakini angalieni, desturi hiyo ilisimama juu ya ukweli. Ng'ombe akizaa, mwenyewe aambiwe. Akifa, aambiwe. Mtu akificha ndama mmoja tu, nani atampa ng'ombe tena?

Ndiyo maana methali yangu ya pili ni: Njia ya mwongo ni fupi. Sisi wa majani chai tunajua kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi. Lakini kuna mtu anaweka majani magumu chini ya kikapu na laini juu. Mwingine analowesha majani ili mizani ipande. Halafu anacheka, ati amewaibia KTDA. Jamani, hao KTDA ni nani? Tangu mwaka 2000 si shirika la serikali tena. Viwanda ni vya wakulima wenye hisa. Majani yetu hubebwa na lori moja, husagwa pamoja, na chai huuzwa katika mnada wa Mombasa. Chai ikiwa mbaya, bei inashuka, na bonasi inapungua kwa wote, hata kwa mjane aliyechuma vizuri kutoka asubuhi. Aliyeibiwa ni huyo jirani yako.

Ya tatu: Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Katika kikundi kimoja ambacho sitakitaja, mama mmoja alikopa, akalipa miezi mitatu, kisha akanyamaza. Mkutanoni haji. Wenzake wakaenda kwake wakabeba kuku, sufuria na godoro. Baadaye ikajulikana kwamba pesa zilikwenda hospitalini na mtoto.

Nani alikosa? Wengine watasema kikundi hakikuwa na huruma. Wengine watasema mama hakusema ukweli. Mimi naona mambo haya mawili yanafuatana. Mama alijificha kwa sababu alishaona jinsi wanaosema shida zao wanavyochekwa. Hata hivyo, pesa zile zilikuwa za wanachama wengine, nao wana karo ya kulipa. Hatuwezi kusema tu, "Basi, tumesamehe," halafu mwenzetu mwingine akose.

Kwa hiyo naomba kila kikundi kifikirie mambo haya:

1. Mwenye shida aseme mapema, kabla ya siku ya kulipa, na asizomewe wala habari zake zisipelekwe sokoni.

2. Asipoonekana mkutanoni, wanachama wawili wamtembelee kwanza kumjulia hali, siyo kuhesabu kuku wake.

3. Kila mkutano uweke kando fungu dogo la shida, ili mtu aongezewe muda wa kulipa bila kuwaumiza wengine.

4. Vitu vya kulalia na vya kupikia visiguswe kabisa. Mtoto mgonjwa akirudi nyumbani alale wapi?

Mambo haya yaandikwe katika kitabu cha kikundi wakati wote wana amani, kwa sababu siku ya hasira hakuna anayekumbuka methali.

Nimalizie hapo. Kila mmoja wetu anamjua mtu ambaye siku hizi haji mkutanoni, au anapita njia ya nyuma akituona. Nendeni mkamwone kabla ya Jumapili. Msipeleke maneno mengi. Muulizeni habari za watoto, kisha mnyamaze mpaka ajibu.