Kazi ya Jioni, Masomo ya Asubuhi: Mwili Utastahimili Vipi?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kama kawaida nimekuja tuzungumze kama watu wa nyumba moja. Aliye jikoni na aendelee kukoroga mboga yake. Ninachoomba ni masikio tu.

Leo nazungumza na mama anayefanya kazi ya zamu ya jioni na bado anasoma. Najua mko wengi. Kuna anayehudumu katika kliniki au duka la dawa hadi usiku, kuna aliye hotelini kule Mombasa, kuna aliye kiwandani Athi River. Asubuhi anashika vitabu kwa sababu anataka kuinua maisha ya watoto wake. Na hata wewe ambaye huendi chuoni, lakini unauza sokoni mchana na kumwuguza mzee usiku, haya yanakuhusu. Tunauliza: mwili huu mmoja utabakije na nguvu na afya?

Ngoja niwasimulie yaliyonipata mimi mwenyewe.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha uuguzi, kisha nikarudi chuoni kutafuta diploma. Masomo yalianza saa mbili asubuhi hadi saa sita na nusu mchana. Saa nane niko kazini, katika kliniki ya kibinafsi, na natoka saa nne usiku. Chakula changu kilikuwa chai na mandazi mawili, na soda ya kufukuza usingizi. Mwaka wa kwanza ulipokwisha nilikuwa nimeongeza kilo 9. Ngazi za kupanda ghorofa ya pili zilinifanya nisimame katikati nikihema.

Nikasema, dawa ni mazoezi. Nikaanza kuamka saa kumi alfajiri kuruka kamba uani. Nalala saa sita usiku, naamka saa kumi. Saa nne tu za usingizi! Na nilijiona shujaa.

Wiki ya tatu, nilifika nyumbani usiku nikamkuta binti yangu ana homa. Mama yangu ndiye aliyekuwa akikaa naye nikiwa kazini. Nikachukua chupa ya dawa ya homa, nikapima, nikampa mtoto. Nikaenda kunawa mikono. Niliporudi nikaichukua ile chupa, nikaanza kupima tena. Mama akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, umeshampa sasa hivi."

Sikukumbuka hata kidogo. Mimi, muuguzi, ninayewafundisha akina mama wengine kupima dawa, nilikuwa karibu kumpa mwanangu dozi mbili ndani ya dakika kumi.

Usiku huo nililia. Lakini nilielewa kosa langu. Sikukosea kutaka mazoezi. Nilikosea kuyachukua kutoka kwa usingizi. Ni kama mtu anayeng'oa mabati ya jikoni ili aezeke chumba cha kulala. Mvua bado itamnyeshea.

Basi, mpenzi msikilizaji, chukua kalamu na karatasi. Nitakupa mambo matano niliyoyabadilisha, kwa utaratibu wake.

La kwanza ni usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kwa siku. Utafiti wa wanasayansi wa Australia uliochapishwa mwaka wa 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huwa mzito wa akili na mikono kama mtu aliyekunywa pombe. Hebu tuhesabu pamoja. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri. Ikifika saa tatu usiku, nimemaliza saa 17, na bado niko kazini nikishika sindano. Tena, ukikosa usingizi njaa huongezeka, na mwili hutamani sukari na vyakula vya mafuta. Kumbe zile kilo hazikuletwa na mandazi peke yake!

Nilifanya nini? Niliiacha ile kamba ya alfajiri. Niliacha pia kusoma daftari baada ya kazi, maana nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara nne na siushiki. Masomo nikayahamishia Jumamosi na Jumapili asubuhi. Nikifika nyumbani naoga, naiweka simu mbali na kitanda, na saa tano na nusu niko chini ya blanketi hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa sita na nusu. Kisha mchana, kabla ya kuingia kazini, nategesha simu iniamshe na kusinzia dakika 20 kwenye kiti. Usizidishe nusu saa, la sivyo utaamka mzito kuliko ulivyolala. Na chai ya majani au kahawa, mwisho wangu ni saa kumi na moja jioni. Baada ya saa tano hivi, karibu nusu ya ile kafeini uliyokunywa bado iko mwilini.

La pili ni kutembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Usiogope hesabu hiyo. Ni dakika 30 kwa siku tano. Kutoka chuoni hadi kliniki nilikuwa napanda matatu, nakaa kwenye msongamano wa magari, nafika nimechoka. Nikaamua kutembea. Saa sita na nusu naondoka, saa saba nimefika. Siku tano, dakika 150, na nauli imebaki kwenye kibeti. Sikuamka mapema, wala sikununua viatu vya bei. Nilibadilisha tu namna ya kusafiri.

Utajuaje kwamba mwendo wako unatosha? Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, huo ndio mwendo. Kama kwenu ni mbali, shuka kituo kimoja au viwili kabla ya kufika. Lakini tembea mchana, barabara yenye watu. Usiku panda gari mama, usihatarishe maisha kwa ajili ya mazoezi.

La tatu ni kuipa misuli nguvu, angalau siku mbili kwa wiki. Kazi ya kusimama hufanya miguu ivimbe na mgongo uume. Mimi nilichagua Jumatano na Jumamosi, dakika 10 tu. Shika kiti imara, chuchumaa kidogo kisha usimame, mara 10. Weka mikono ukutani, kunja viwiko na ujisukume, mara 10. Kisha simama kwa ncha za vidole vya miguu na ushuke polepole, mara 15. Hili la mwisho unaweza kulifanya hata kazini ukisubiri maji yachemke. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosaidia kuisukuma damu irudi moyoni. Binti yangu alikuwa akinihesabia, na mara nyingine alinipunja ili nirudie.

La nne ni chakula. Aliye na zamu ya jioni ale chakula chake kikubwa mchana, kabla ya kazi, si saa tano usiku akirudi. Nilianza kubeba chakula kutoka nyumbani: githeri, au wali na ndengu, pamoja na sukuma wiki na chungwa. Saa moja jioni, wenzangu wakinunua soda, mimi nilikula ndizi na kiganja cha njugu, na maji ya kunywa. Soda ya mililita 300 inaweza kuwa na vijiko 7 au 8 vya chai vya sukari. Je, ungeweka vijiko 8 kwenye kikombe kimoja cha chai? Ukirudi nyumbani una njaa, nusu kikombe cha uji wa wimbi kinatosha. Na chai usiinywe pamoja na mlo, kwa sababu huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe. Ngoja saa moja hivi.

La tano ni kupimwa. Si kila uchovu ni wa kazi. Mama anayetokwa na damu nyingi ya mwezi, au aliyejifungua karibuni, anaweza kuwa na upungufu wa damu. Huyo hata alale saa 10 bado atachoka. Nenda kliniki wakupime damu, shinikizo la damu na sukari. Kama una mimba, umefanyiwa upasuaji, au una ugonjwa wa moyo, zungumza na muuguzi au daktari kabla ya kuanza mazoezi. Na ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, usingoje kesho. Nenda hospitali mara moja.

Nasikia mama mmoja akisema, "Muuguzi, hayo ni mazuri, lakini nyumba yangu itashikwa na nani?" Swali zuri. Mimi pia nililazimika kufungua mdomo. Nilimwambia mama yangu, "Mama, naomba uji wa asubuhi wa mtoto uwe wako, ili nipate kulala hadi saa kumi na mbili." Akanijibu, "Nilikuwa nangoja uniambie." Miezi yote hiyo nilijitesa kwa kunyamaza. Mwenye mume azungumze na mume wake. Anayeishi na dada yake wagawane kufua. Kuomba msaada si uvivu.

Na kabla sijasahau, ile chupa ya dawa. Tangu usiku ule, daftari dogo limening'inia ukutani kwetu, kando ya kabati ya dawa. Anayempa mtoto dawa anaandika papo hapo: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, na nani aliyempa. Dawa ya paracetamol ya mtoto hupewa baada ya saa 4 hadi 6, na si zaidi ya mara 4 kwa siku moja, usiku na mchana. Kiasi chake hutegemea umri na uzito wa mtoto, kwa hiyo fuata maagizo uliyopewa. Mlezi aliyechoka asitegemee kumbukumbu yake, ategemee daftari.

Je, nilipungua? Kufikia mwisho wa mwaka uliofuata, kati ya zile kilo 9 nilikuwa nimepunguza 5. Nne bado ninazo, tumezoeana. Lakini ngazi za ghorofa ya pili nilizipanda bila kusimama, mtihani nikaufanya nikiwa macho, na diploma nikaipata.

Kazi ya wiki hii ni moja tu. Usianze na mazoezi. Kwa siku saba, andika saa unayolala na saa unayoamka. Jumapili ijumlishe, uone usingizi wako unaibwa wapi. Ukishauziba huo mwanya, ndipo uongeze matembezi.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuumwa mgongo kwa wanaobeba wagonjwa nyumbani. Mwambie na jirani yako asikilize. Na wewe mama unayejitayarisha kwenda zamu sasa hivi, beba ndizi yako, beba maji yako, na urudi salama. Kwaherini.