Darasa Limfuate Mfanyakazi

Hotuba ya mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mbele ya wakazi wa kambi yetu wanaofanya kazi Batsinda, Kigali



Kwanza kabisa naishukuru Kamati kwa kukubali kikao hiki kifanyike hapa Batsinda badala ya kule kambini. Mkinielewa kwa nini niliomba hivyo, mtakuwa mmekwisha kuielewa nusu ya hotuba yangu.

Niseme wazi lililonileta. Darasa letu la watu wazima linakaribia kufungwa. Lilipoanza, walijiandikisha watu wengi hata madawati hayakutosha. Leo wanaohudhuria hawazidi vidole vya mikono miwili. Katika ripoti imeandikwa kwamba watu wazima hawana mwamko wa kusoma. Lakini mimi ndiye ninayeita majina kila siku, na majina yasiyoitikiwa ninajua yaliko. Yako hapa, yamekaa mbele yangu. Hawakuchoka kusoma. Walikwenda kutafuta unga.

Mnakumbuka mwezi wa Machi 2021. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipungukiwa fedha, na msaada wa chakula kwa wakimbizi walioko Rwanda ukashuka hadi asilimia 40 ya kiwango kamili. Watu walikuwa wakitoka kambini kutafuta vibarua hata kabla ya hapo, lakini safari hiyo walitoka hata wale waliokuwa wameapa kumaliza masomo. Mwanamume akawa msaidizi wa fundi mwashi, mwanamke akaingia kazi za nyumbani. Huwezi kumlaumu mtu kwa kuwalisha watoto wake.

Tena kufuata kazi mbali si jambo geni kwetu. Babu zetu wengi walipelekwa kutoka Rwanda hadi Gishari, kule Masisi, kuanzia mwaka 1937, katika mpango wa serikali ya Wabelgiji. Mashamba ya walowezi yalihitaji mikono. Leo wajukuu tumerudi Rwanda tukiwa wakimbizi, na mpaka sasa wengi wetu tunaajiriwa kwa mikono tu.

Na Batsinda hii inajua uzito wa kukaa mbali na kazi. Mwaka 2008 wakazi wa Kiyovu ya maskini, waliokuwa karibu kabisa na katikati ya mji, walihamishiwa hapa. Nyumba walipata, lakini waliozoea kwenda kibaruani kwa miguu wakajikuta wanalipa nauli. Kitu kizuri kikiwekwa mbali kinageuka kuwa ghali. Ndivyo lilivyo darasa letu. Ni la bure, lakini anayetoka Batsinda kulifuata kambini atalipa nauli na kupoteza siku ya kazi.

Ndugu zangu, wakati wa likizo mimi mwenyewe nimebeba kokoto hapa, nikiwa mmoja wa abayede kama tunavyoitwa. Nilifanya kazi na mzee mmoja, rika la baba yangu. Hakujua kusoma, kwa hiyo alikuwa na kamba mfukoni, na kila jioni alipiga fundo moja. Siku ya malipo kamba ilikuwa na mafundo kumi na mawili, lakini karatasi ya kapita ilikuwa na siku tisa. Mzee akaonyesha kamba yake. Watu wakacheka. Nikaomba niisome karatasi ile, nikakuta majina mawili yanayofanana, na siku tatu za mzee zimeandikwa mbele ya jina la mwenzake, ambaye alikwisha kulipwa na kuondoka. Kama ilikuwa makosa au hila, sijui. Baada ya maneno mengi alilipwa siku mbili. Ya tatu ikapotea.

Usiku ule mzee aliniambia, "Mwalimu, nifundishe jina langu na hesabu mpaka 31. Mengine baadaye." Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kuandaa somo, lakini somo lile aliliandaa yeye.

Wenzetu wa Tanzania walilijua hili zamani. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kanda ya Ziwa, kisomo chenye manufaa kilikuwa kimekwisha kuanza mwaka 1968, na vitabu vyake vilihusu pamba, migomba na uvuvi, yaani kazi ambayo msomaji ameiacha saa ile ile. Mwaka 1973 likatoka agizo la Waziri Mkuu kwamba sehemu za kazi ziwe na elimu ya wafanyakazi. Wasiojua kusoma walikuwa kama asilimia 67 mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1986 serikali ilitangaza kuwa wamebaki chini ya asilimia 10.

Na asiseme mtu kwamba umri umempita. Mzee Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipomtupa katika kambi ya waliohamishwa mwaka 2008, aliendelea kwenda shule kutoka kambini.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Kwa Kamati: darasa lisifungwe, lihamishwe. Jumapili alasiri, hapa Batsinda, mwalimu aje kwa wanafunzi. Nauli ya mtu mmoja ni ndogo kuliko nauli ya watu thelathini. Kwa mashirika: msitupime kwa mahudhurio ya kambini peke yake. Ulizeni ni wangapi sasa wanasoma karatasi ya malipo, na ni wangapi hawampi tena mtu mwingine namba ya siri ya simu ili awatolee pesa. Pia mtusaidie kuzungumza na matajiri, dada zetu wa kazi za nyumbani wapewe saa mbili za Jumapili.

Kwenu wafanyakazi: anayejua kusoma amshike mkono mmoja asiyejua. Na kila mmoja awe na kidaftari cha kuandika siku zake za kazi.

Mshahara wetu ni mdogo, na kusoma hakutauongeza kesho asubuhi. Lakini ule mdogo tulioutolea jasho, tuupate wote.

Jumapili ijayo nitakuwa hapa, na chaki ninayo.