Habari za Kamba ya Mkonge na Kiwanda cha Tanga

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Dodoma)



Sisi makarani twafunga vifurushi kwa kamba kila siku, wala hatuulizi imesokotwa wapi wala ni nani aliyepata faida.

Hapa Ugogo kamba si kitu kigeni. Wazee huambua gamba la mbuyu, hulitwanga hata litoe nyuzi, kisha huzisokota. Na mbuyu haufi, huota gamba jingine. Kanuni ni moja, kwa mkono na kwa mashine: kila uzi husokotwa upande mmoja, kisha nyuzi mbili tatu hupotolewa pamoja upande wa pili, hata kila uzi ukitaka kufunguka huzidi kukaza wenziwe.

Mkonge wa mashamba ulikuja mwaka 1893. Mdachi mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilipitia Hamburg, na ilipofika Pwani yetu mizima ilikuwa 62 tu. Wana wa miche hiyo ndio waliojaza mashamba ya Tanga, Korogwe, Morogoro hata Kilosa.

Mwaka 1942 Wajapani walipoitwaa Ufilipino, katani ya Manila iliadimika, na merikebu za vita zikahitaji mkonge wa Tanganyika. Ndipo magari ya moshi yalipopita stesheni yetu yamechukua manamba kutoka Kigoma na Tabora. Jina hilo latoka katika namba, maana mtu aliandikwa kwa namba. Alipewa kipande cha siku 30, na siku ambayo kazi yake haikutimia haikutiwa alama. Na kalamu iliyotia alama, mara nyingi ilishikwa na karani Mwafrika. Hilo, mabwana, tusilipite upesi.

Jasho lilikuwa la huku, lakini sehemu kubwa ya katani ilipelekwa ng'ambo ikiwa ghafi, na faida ya kusokota ikabaki kwa wenye mashine. Kwa hiyo kiwanda cha kamba cha Tancord, huko Tanga, kilikuwa jambo kubwa: hatimaye tulisokota wenyewe. Ole wetu, wakati ulikuwa mbaya. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani 230,000 hivi za katani. Kisha uzi wa plastiki ukaenea sokoni na bei ikaanguka. Mwaka 1967 Serikali ilitwaa mashamba mengi, lakini mavuno yakazidi kupungua, na mashamba kadha wa kadha yakaingia mwitu. Baadaye mali ya mkonge ya Serikali ikauzwa kwa kampuni ya Katani, na kiwanda kikaitwa Tancord (1998).

Wako wasemao kamba ya mkonge imepitwa. Na wamwulize mfugaji wa hapa. Ng'ombe akila kipande cha kamba ya plastiki, chamkaa tumboni, pengine hata kumwua. Cha katani huoza.

Mwenye swali na aulize.