Kusubiri Nako ni Kazi, Kuwekee Ratiba

Wiki hii tena nimeona mirunda imeng'olewa chini ya slabu ambayo haijatimiza hata siku 10. Ukiuliza, fundi anagonga zege kwa kisigino: "Bosi, limeshika hilo." Kisa? Mbao zinatakiwa saiti nyingine. Roho za watu zinawekwa rehani kwa ajili ya mbao za kukodi!

Jamani, zege halikauki kama nguo kwenye kamba. Linakomaa kwa maji, na nguvu yake kwa kawaida wahandisi huihesabia siku ya 28. Wiki ya kwanza yote lisikose unyevu. Sasa wewe unatoka alfajiri kuwahi daladala, unarudi usiku, nani anamwagilia? Umempanga?

Chukua daftari la hesabu, lile la miraba. Kushoto andika kazi zikifuatana: msingi, jamvi, kuta, lenta, slabu, kupaua. Juu andika wiki. Kila kazi ipigie mstari kuanzia wiki inayoanza hadi inayokwisha. Mmarekani Henry Gantt alieneza michoro ya namna hii miaka ya 1910, na programu za kompyuta leo zinachora vilevile. Lakini kila siku mnasahau jambo moja: kusubiri nako kuna mstari wake! Siku za kumwagilia, siku za mirunda kubaki chini ya slabu, zipake wino mwekundu. Kodi ya mbao kwa siku zote hizo iingie kwenye makadirio.

Kibali kachukue halmashauri kabla ya kuchimba. Leo sikai hapo.

Kuna dada alinunua saruji Februari kwa sababu bei ilishuka. Msingi umekuja kuchimbwa Mei, masika yamepamba moto, mtaro umejaa maji. Mifuko ililazwa sakafuni bila kichanja, ya chini yote imekuwa mawe. Na wapo wanaoponda mabonge hayo wakayachanganya tena! Acheni. Saruji iliyoganda haina nguvu ya kukupa. Ratiba ingemwambia saruji inatakiwa wiki ipi.

Na fundi usimmalizie pesa siku zege linapomwagwa. Andikianeni kabisa: malipo ya mwisho ya slabu ni siku mhandisi anaporuhusu mirunda itolewe.