Mkono wa Mtoto Unasomwa Siku ya Tatu

Leo tunazungumza juu ya sindano ndogo ambayo muganga anapiga ndani ya ngozi ya mkono, ili kujua kama kidudu cha kifua kikuu kimekwisha kuingia katika mwili wa mtoto. Wamama wengi wanauliza: «Sababu gani turudi tena? Muangalie leo leo!»

Sikilizeni. Katika damu kuna askari weupe, wadogo sana, jicho haliwaoni. Askari aliyekwisha kupigana na kidudu hasahau adui wake. Dawa ya sindano hii si kidudu kizima, ni kama harufu yake tu. Askari wanaoijua wanaitana, wanakusanyika pale polepole, na ngozi inavimba, inakuwa ngumu. Kazi hiyo inachukua siku mbili ao tatu. Ndiyo maana tunapima kati ya saa 48 na 72. Ukirudi kisha juma moja, umechelewa.

Nyumbani usikwaruze pale, usipake dawa ya majani. Kuosha na maji si vibaya.

Muganga anapima ugumu, hapimi wekundu. Milimita 10 ao zaidi, tunafikiri kidudu kimeingia. Lakini hiyo peke yake haisemi kama mtoto anaugua. Chanjo ya BCG pia inaweza kuleta uvimbe. Tutamuangalia zaidi.

Sasa neno kubwa. Mama anaona mkono laini, anafurahi, anaenda. Ngoja kwanza, mama! Mtoto mwenye bwaki, ao aliyetoka kuugua surua, ao mwenye sida, askari wake wamechoka. Hawakusanyiki. Mkono unabaki laini, kumbe ugonjwa uko ndani. Kwa mtoto mwenye bwaki kali ao sida, hata milimita 5 zinatosha kutuonya.

Kwa hiyo tuambieni kweli: nyumbani ni nani anakohoa kupita majuma mawili? Baba? Nyanya? Msifiche kwa haya. Kifua kikuu kina dawa, kinapona. Na mtoto wa chini ya miaka 5 anayekaa na mgonjwa wa kifua kikuu, tukiisha kuona haugui, anapewa dawa ya kumkinga, hata kama mkono wake ni laini.

Basi tukumbuke: kurudi siku ya tatu, kutokwaruza, kutoficha kikohozi cha nyumbani. Na mtoto asiyeongeza kilo, mlete hata kama mkono hauna kitu.