Nani Atalipa Mwaka wa Tatu?

Wazazi mmetoka Kalokol, Lokichar na Kerio, wanafunzi mmekuja, na ninyi wageni wetu wa Kakuma na Kalobeyei mmeamka kabla ya alfajiri ili mfike hapa Lodwar.

Nimeombwa nizungumzie uchaguzi kati ya chuo kikuu cha umma, chenye karo nafuu, na cha kibinafsi, chenye karo ghali. Mada hii imekaa vizuri kwenye bango pale langoni. Ila inamdhania mzazi wa Turkana kwamba fedha anazo, na kilichobaki ni kuamua tu azipeleke wapi. Wengi wenu hamna fedha hizo. Mna mbuzi, mna jamaa, mna mheshimiwa aliyeahidi jambo wakati wa kampeni, na mna barua ya mtoto kuitwa chuo. Kwa hiyo ninaomba ruhusa ya kuliuliza swali upya: mwaka wa tatu wa mtoto huyu utalipwa na nani? Mwaka wa kwanza hausumbui sana. Watu huuchangia kwa furaha.

Tuanze na huo unafuu. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepangwa na serikali katika chuo cha umma alidaiwa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na kiasi hicho kiliwakaa wazazi kichwani hata leo wengine bado wanakitaja. Kimekwisha. Tarehe 3 Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya: gharama ya kozi inagawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mchango wa familia, kwa kutegemea bendi ambayo mwanafunzi amewekwa. Katika bendi ya kwanza, ya walio maskini zaidi, serikali inatoa asilimia 70, mkopo 25 na familia 5. Katika bendi ya tano familia inatoa asilimia 40. Mfumo wenyewe umeyumbayumba. Mwaka 2024 wanafunzi walilalamika nchi nzima kwamba wamewekwa bendi zisizo zao; Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ikatamka kwamba mfumo unakiuka Katiba; mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na serikali ikatangaza kupunguza karo za vyuo vya umma.

Tuseme kozi inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Mtoto wa bendi ya kwanza ataombwa nyumbani 10,000. Ni chini ya zile 16,000 za zamani, na mzazi atashukuru Mungu. Lakini kila mwaka mkopo wake wa karo ni 50,000. Kwa miaka minne ni 200,000, bila kuhesabu mkopo wa kujikimu. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na akichelewa kulipa baada ya kuhitimu kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Vijana, msiuchukulie mkopo kama zawadi. Hata hivyo ninausifu kwa jambo moja: ukishaupata, unajua mwaka wa tatu una mlipaji, na mlipaji huyo ni wewe mwenyewe wa baadaye.

Sasa mtoto huyohuyo akiwekwa bendi ya tano, nyumbani wanatakiwa kutoa 80,000. Tofauti ya 10,000 na 80,000 inaweza kutokana na fomu iliyojazwa vibaya kwenye simu ya kuazima, pale mtandao unapokuja na kupotea. Fomu inauliza kipato cha mzazi kwa mwezi. Mfugaji hana kipato cha mwezi. Ana kundi ambalo mwaka huu ni mbuzi themanini na mwaka kesho huenda likawa kumi na mbili. Walimu wa sekondari mliopo hapa, msiwaache watoto wajaze fomu hiyo peke yao. Siku moja ya mwalimu mbele ya kompyuta inaweza kuwaokolea familia zaidi ya kile ambacho kaunti itawapa kwa miaka miwili.

Nimetaja mbuzi, na hapo ndipo hesabu ya karo inapogongana na kalenda. Mwaka wa masomo huanza Septemba. Mvua kubwa zetu, zikija, huja kati ya Machi na Mei. Kwa hiyo karo inadaiwa wakati mifugo imekonda, soko la Lodwar limejaa wauzaji wenye shida ileile, na dalali anamminya mbuzi mgongoni, anatikisa kichwa, anataja bei kama anayekufadhili. Mzazi anayehitaji 10,000 hawezi kungoja Oktoba. Anauza watatu pale ambapo miezi mitatu nyuma wawili wangetosha.

Na kuna miaka ambayo hakuna wa kuuza. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mwanafunzi aliyeingia chuo Septemba 2019 kwa mifugo ya baba yake alifungiwa nyumbani Machi 2020 kwa sababu ya korona, na alipofika mwaka wa tatu kundi lilikuwa linakufa. Bei ya chuo haikupanda hata shilingi moja, ila ile njia ya kuilipia ilikuwa imekatika.

Hapo ndipo ninapokiangalia chuo cha kibinafsi. Sina chuki nacho. Nimefundisha katika vyuo vya namna zote mbili, na ninajua kwamba vipo vya kibinafsi ambavyo mhadhiri anaingia darasani kwa saa yake, matokeo yanatoka kwa wakati na maktaba haifungwi kwa sababu umeme haukulipwa. Lakini katika vyuo vikubwa vya kibinafsi vya Nairobi mwaka mmoja wa shahada unaweza kupita shilingi 300,000 kabla hujala wala kulala. Tangu 2016 serikali ilikuwa ikiwalipia baadhi ya wanafunzi huko. Chini ya mfumo wa 2023 anayekwenda chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo wa HELB, ila ule ufadhili haupati. Vyuo vyenyewe vilibaki vikiidai serikali mabilioni ya shilingi kwa wale wa awali.

Basi mzazi anaita harambee. Chifu anafika, mwakilishi wa wadi anafika, askofu anaomba, bahasha zinafunguliwa na majina yanasomwa. Harambee ni mvua ya usiku mmoja: lagga, ule mto wa msimu, inafurika hata magari yanazuiliwa kuvuka, na kesho yake saa sita ni mchanga mtupu. Mwaka wa kwanza umelipwa wote. Mwaka wa pili mzazi anarudi kwa watu walewale, na sasa hawapokei simu. Mwaka wa tatu mtoto ananyimwa kadi ya mtihani, anaambiwa aahirishe masomo, anarudi Lodwar kuendesha bodaboda akiwa na vitengo ishirini na kitu alivyofaulu na deni ambalo chuo kinalishikilia pamoja na nakala ya matokeo yake. Hana shahada, na hawezi kwa urahisi kuhamia kwingine kwa sababu karatasi zimezuiliwa. Kijana wa namna hii mnamjua. Pengine ni wa nyumbani kwenu.

Wahenga walisema rahisi ghali. Mimi ninaongeza kwamba ghali nayo haijawahi kuapa kuwa bora. Kabla hujatoa hata shilingi, kiulize chuo, cha umma au cha kibinafsi, kama kozi hiyo inatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kama ni uhandisi, uuguzi au sheria, kama bodi ya taaluma nayo inaitambua. Usiulize kwa mdomo. Omba barua.

Haki itendeke kwa pande zote: chuo cha umma nacho kina gharama isiyoandikwa kwenye orodha ya karo, nayo ni muda. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulidumu siku 49. Mwanafunzi wa Turkana anayesoma Kakamega afanye nini siku hizo? Akibaki, kodi ya chumba na chakula vinaendelea. Akirudi, ni nauli ya kupitia Kitale, Kapenguria, Kainuk na Lokichar, kisha nauli ya kurudi. Migomo miwili au mitatu ya namna hiyo, na mwaka wa nne unageuka wa tano. Chuo cha kibinafsi chenye mihula mitatu kwa mwaka kinaweza kuwa kimeshamhitimisha mwenzake, naye yuko kazini. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kweli, mwenye mshahara usiotegemea mvua, simlaumu akichagua huko. Na mtoto akipata ufadhili kamili wa chuo cha kibinafsi, kama ule wa Mastercard Foundation katika USIU-Africa, aende tena mbio. Hapo miaka yote ina mlipaji, na maneno ya umma na kibinafsi hayana kazi.

Kwa wengine wote ushauri wangu ni chuo cha umma, na kama kozi inakufaa, kilicho karibu. Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro tangu 2017, kiko hapa Lodwar. Chuo Kikuu cha Mount Kenya, cha kibinafsi, nacho kiliwahi kutufuata hadi mji huu, na wapo walimu na makarani wengi waliopata shahada bila kuacha kazi. Mtoto anayelala kwa shangazi yake hadaiwi kodi. Najua vijana wanaitaka Nairobi. Mimi pia niliitaka.

Nije kwa ndugu zetu wa Kakuma, maana kwao mada ya leo imepinda kabisa. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, na wapo wanafunzi waliozaliwa humo, wakasoma mtaala wa Kenya, wakafanya mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari pamoja na watoto wa Kakuma mjini na pengine wakawashinda. Lakini HELB ni ya raia wa Kenya, na ufadhili wa serikali vivyo hivyo. Kwa mkimbizi chuo cha umma hakina unafuu wowote: analipa kama mwanafunzi wa kujitegemea, na kutoka kambini kwenda kusoma kunahitaji kibali. Mapato yake ni posho. Mkimbizi anayefundisha shule ya kambi halipwi mshahara wa mwalimu.

Ndiyo maana Kakuma walijifunza zamani kuuliza swali ninalouliza mimi leo. Wanaijua DAFI, ufadhili wa Ujerumani ulioanza mwaka uleule wa 1992. Wanaijua WUSC ya Kanada, ambayo imekuwa ikiwachukua wanafunzi wakimbizi tangu 1978. Wanawajua Wajesuiti walioleta masomo ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao ndani ya kambi yenyewe. Nafasi ni chache mno, lakini zikipatikana zina mkataba. Ila mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada na mgao wa chakula ukapunguzwa, tuliona hata mlipaji wa mbali anaweza kuondoka. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inasema mengi mazuri kuhusu kuwashirikisha wakimbizi katika maisha ya nchi. Ningependa kuona siku ambapo kijana aliyesoma Kenya tangu chekechea anatozwa na chuo cha umma karo ileile anayotozwa jirani yake wa Kakuma mjini. Hilo halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Nimalizie kwa wenye basari, za kaunti na za CDF, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge. Mnagawa fedha kidogo kwa watu wengi: 5,000 huyu, 7,000 yule, cheki mia nne kwa siku moja, picha zinapigwa. Kiasi hicho hakimfikishi mtu popote. Ninapendekeza mchukue mia, mwaandikie barua ya kuwalipia mpaka mwaka wa mwisho, na jina la chuo lisiwe kigezo. Mia tatu watakosa, na watakasirika, na nyinyi ni watu wa kura. Najua. Lakini sasa hivi wote mia nne wanapata, kisha wanakwama pamoja.

Sasa maswali. Tuanze na wa Kakuma, gari lao lina kilomita 120 za kurudi.